MNUNUZI NA PAKITI YA PLASTIKI



Kila mahali twaambiwa tupunguze plastiki. Neno hilo ni jema. Mitaro ya mitaa yetu huzibwa na takataka hizo, na mvua ikinyesha, nyumba za wafanya kazi ndizo huingia maji kwanza. Lakini wahubiri wa jambo hili hudhani kwamba mnunuzi akishaelezwa tu atageuka. Sivyo tulivyoona katika nchi hii.

Mwaka 2007, na tena mwaka 2011, Serikali ilitaka kuzuia mifuko myembamba ya nailoni. Makatazo hayo hayakushika. Kisha tarehe 28 Agosti 2017 ikazuiwa mifuko yote ya kubebea, kwa faini ya shilingi milioni 2 hadi milioni 4, au kifungo cha mwaka 1 hadi miaka 4. Mara watu wakaenda sokoni na vikapu na viondo. Mfuko wa bure haukuwapo tena dukani, na kila jirani alibeba chake, basi hakuna aliyeona haya.

Amri hiyo haikugusa pakiti zitokazo kiwandani, na hizo ndizo zimebaki. Hapa tujifunze kwa maziwa. Katika mitaa mingi ya Nairobi ziko mashine za kuuza maziwa kwa kupima. Watu huenda na vyombo vyao kwa sababu maziwa hayo kwa kawaida ni rahisi kuliko ya pakiti, na mwenye shilingi chache hupimiwa za shilingi chache. Plastiki yapungua bila mahubiri.

Basi mnunuzi huacha plastiki akiona nafuu mfukoni, njia nyingine ikiwa karibu, na sheria ikiwa moja kwa wote. Mtu alipwaye kwa siku hununua sabuni ya kipakiti kidogo kwa kuwa ndicho kiasi awezacho. Asilaumiwe. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Wala tusiwasahau wenzetu wa viwandani. Mwaka 2017 wenye viwanda walionya kuwa kazi kama 60,000 zilikuwa hatarini. Wafanya kazi waulizwe kabla amri haijatoka, na wapewe muda na mafunzo ya kazi nyingine.

Kwa hivyo twasema haya. Kwanza, sheria ya taka ya mwaka 2022 imemtwika mtengenezaji dhamana ya bidhaa zake hata zikiwa taka. Mzigo huo usirudishwe kwetu kwa kupandisha bei. Pili, kila tawi lidai kantini za kazini na maduka ya ushirika yauze mafuta, sukari na sabuni kwa kupima, kwa bei iliyo chini ya ile ya pakiti. Tatu, yakianza kuuza hivyo, kila mwanachama aende na chombo chake.

Haba na haba hujaza kibaba. Nasi twataka kibaba hicho kiwe cha bei ambayo mshahara wetu waiweza.

Umoja ni nguvu.