"Amepona" ni Neno la Harambee

Miongoni mwa maneno ambayo safu hii imewahi kuyashtaki, kuanzia "mchakato" hadi "changamoto", hakuna lenye hatia kubwa kuliko "amepona" linapotamkwa juu ya mtoto aliyepandikizwa figo, kwa kuwa kuanzia siku ya upasuaji mtoto huyo huingia katika ugonjwa wa namna nyingine, unaotunzwa kwa saa na kwa vipimo. Kinga ya mwili, yaani askari wa damu wanaopambana na vijidudu, huiona figo ngeni kuwa mvamizi, na ndiyo maana mtoto hupewa dawa za kuipumbaza kinga hiyo, mojawapo ikiwa takrolimasi, ambayo humezwa kila baada ya saa 12, na ambayo ikipungua katika damu figo hukataliwa, ikizidi huiharibu figo ileile inayolindwa.

Wiki hii elimu hiyo ilihitajika katika duka moja la dawa mjini Mbinga, ambako mwandishi alifuata vidonge vya mafua, na ambako mama mmoja kutoka ufukweni, upande wa Mbamba Bay, aliingia na mwanawe anayekohoa, mtoto ambaye figo anayoishi nayo ni ya mama huyohuyo. Muuzaji, bila swali hata moja, alikwisha kuhesabu erithromaisini na kuzitia katika bahasha ya khaki mama aliposema kwamba mtoto yumo katika dawa za figo. "Si alishapona huyu?" akauliza. Erithromaisini hulizuia ini kuivunja takrolimasi, hivyo dozi ya kawaida hugeuka sumu. Mama akatoa daftari lenye jalada la nailoni, kila siku imepigwa tiki mbili za wino wa bluu, saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, na ukurasa wa mwisho una orodha ya dawa zilizokatazwa. Muuzaji alisoma, akacheka, akasema, "Mama, wewe sasa ni daktari."

Foleni nayo ikatoa hukumu zake: mmoja alipendekeza maji ya mizizi, ambayo hakuna ajuaye yatafanya nini ndani ya damu hiyo, na mwingine akatamka kwamba mtu anayeendelea kumeza dawa baada ya upasuaji ni mtu ambaye upasuaji wake uliharibika. Wasomaji wa zamani wanajua kwamba hasira ya mwandishi hushuka kwa kahawa ya Mbinga tu. Siku hiyo vikombe vitatu havikutosha. Ajabu ni kwamba wengi wa waliokuwa katika foleni hiyo ni Wamatengo, wakulima wa ngoro, yaani mashimo ya mteremkoni yaliyozungushiwa matuta yenye nyasi chini yake ili mvua isichukue udongo, na hakuna hata mmoja wao anayeamini kwamba ngoro ikichimbwa msimu mmoja mlima umepona.

Chanzo cha yote ni harambee, ambayo inajua kuchangia safari na haijui kuchangia kidonge cha Jumanne. Zamani safari ilikuwa ya India. Novemba 2017 Muhimbili ilifanya upandikizaji wa figo wa kwanza nchini, na Machi 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata. Upasuaji ulisogea, Mbamba Bay haikusogea: kuna kilomita 66 za lami hadi Mbinga, kama 100 nyingine hadi Songea, na zaidi ya 900 hadi Dar es Salaam. Isitoshe, damu ya kupima kiwango cha takrolimasi hutolewa kabla ya dozi ya asubuhi, kwa hiyo mtoto aliyeshuka kwenye basi usiku hukaa kwenye benchi, kidonge kikiwa katika mkoba wa mama, saa mbili ikipita, akisubiri jina lake liitwe.

Mama aliiacha bahasha juu ya kaunta na kumpeleka mtoto hospitali. Mlangoni walikutana na mjumbe wa kamati iliyochangisha safari ya kwanza. Mtoto, huku akikohoa, akasema, "Shikamoo babu," na mzee akaitikia marahaba, akampapasa kichwa, kisha akamgeukia mama na kuuliza kwa sauti ya chini kama katika zile fedha za mchango kulibaki chenji.