Motakaa Inapopiga Mshindo na Kuzima Njiani

Msomaji mmoja wa upande wa Urambo anatuuliza: "Tunayo Land Rover ya zamani ya petroli. Ikitoka nyumbani huenda vizuri. Ikifika mbali kidogo hupiga mshindo kama bunduki, kisha huzima. Juzi ilizima tukimpeleka mama mwenye uchungu hospitali Tabora. Tumekwisha nunua plagi na kabureta, na fedha zimetuishia. Tufanyeje?"

Ndugu yetu, pole sana. Lakini kwanza acha kununua. Upande huo huo wenu walipita zamani wapagazi Wanyamwezi na mizigo yao, kutoka Bagamoyo hata Ujiji. Mzigo uliolegea hauponi kwa kwenda mbio. Hutuliwa, ukatazamwa ni kamba ipi imelegea. Nawe fanya vivyo hivyo.

Injini yataka vitu vitatu: petroli, hewa, na cheche kwa wakati wake. Basi sikiliza mshindo unatoka wapi. Ukitoka nyuma, katika bomba la moshi, petroli imepita bila kuungua ikawakia huko. Mara nyingi cheche ni dhaifu au imechelewa. Ukitoka mbele, katika kabureta, mara nyingi petroli ni haba, au cheche imewahi mno.

Kama mshindo wenu ni wa mbele, anza na tangi. Lina kitundu cha kuingizia hewa, mara nyingi katika kifuniko. Vumbi likikiziba, pampu haiwezi kuvuta petroli. Motakaa ikizima, fungua kifuniko. Ukisikia hewa inaingia kwa nguvu, na baadaye injini ikawaka, ugonjwa umeuona. Dawa yake ni sindano ya kuzibulia, wala haigharimu senti.

Kama sivyo, safisha chujio la petroli, maana petroli ya madebe huwa na maji na mchanga. Kisha tazama plagi. Rangi ya kahawia ni njema. Masizi meusi, petroli imezidi. Nyeupe, petroli haitoshi.

Kama mshindo ni wa nyuma, fungua distributa. Vile vyuma viwili vinavyogusana na kuachana, vikiwa vimeungua, visuguliwe. Kwa Land Rover ya silinda 4 ya lita 2.25, iliyoanza kutoka mwaka 1958, nafasi yao ni milimita 0.35 hadi 0.40, na cheche hufuata silinda 1, 3, 4, 2. Ikiwa injini huzima ikipata moto na kuwaka ikipoa, shuku koili au kondensa.

Tengeneza kitu kimoja, kisha jaribu. Ukigusa vyote pamoja, hutajua kipi kilikuwa kibovu.

Tena angalia sana: msimimine petroli kwa mkono katika kabureta huku mwenzenu akiwasha injini. Mshindo mmoja wa mbele hurusha moto, na mtu huungua uso. Wala msichungulie usiku kwa kibatari, tumieni tochi.

Na mpaka motakaa hiyo imekwenda Tabora na kurudi mara kadhaa bila kuzima, msimpakie mgonjwa ndani yake. Mama akikaribia siku zake, tafuteni gari jingine mapema, kabla uchungu haujaanza.