Ramani ya Moshi Yahitaji Kipimo
Mtaalamu anapowaonyesha wenzake mkutanoni ramani ya uchafu wa hewa iliyochorwa kwa kompyuta, wengi huvutiwa na rangi zake. Lakini ramani hiyo hutokana na makisio ya moshi wa magari, viwanda na majiko ya mkaa, pamoja na mwendo wa upepo. Makisio yakikosewa, nayo hupotosha. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kikomo cha chembe laini hewani, kwa wastani wa mwaka, kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa meta ya ujazo. Hivyo kosa dogo laweza kuufanya mtaa wenye hatari uonekane salama. Yafaa basi vipimo vya mitaani vitangulie, na tofauti yake na hesabu itajwe bila haya. Mkutano usiodai hayo huipigia makofi picha, ilhali wakazi wa kando ya barabara wangali wakivuta moshi.