Daktari akilipwa kidogo, mgonjwa ndiye anayemalizia

Foleni ndefu katika hospitali za umma za kaskazini mwa Bujumbura inazua lawama kati ya wakimbizi na wenyeji. Chanzo chake kiko kwingine: mishahara isiyotosha na madaktari waliochoka.

Mgonjwa kutoka Carama anaweza kufika hospitali ya umma saa moja asubuhi na kumwona daktari saa nane mchana. Katika saa hizo saba kila mtu anatafuta wa kumlaumu. Mwenyeji anasema wakimbizi wamejaa. Mkimbizi kutoka Kongo anasema amerukwa kwa sababu ya lugha yake au karatasi zake. Kuna maelezo ya tatu yasiyosikika sana kwenye benchi: siku hiyo daktari ni mmoja, alikuwa zamu usiku, jioni ana kazi nyingine kwenye kliniki ya watu binafsi, na mshahara wake wa serikali haumfikishi mwisho wa mwezi.

Makala hii inahusu maelezo hayo ya tatu. Wengi huona mshahara wa daktari kama suala la daktari na serikali yake. Lakini anayefuata kulipa, kwa pesa, kwa muda au kwa afya yake, ni mgonjwa, awe Mrundi au mkimbizi.

Nani anamtibu mtu wa Carama?

Carama ni mtaa wa kaskazini mwa jiji, kando ya Kinama, katika tarafa ya Ntahangwa. Familia za Warundi na za wakimbizi kutoka Kongo zinaishi humo nyumba kwa nyumba. Anayeugua huanzia kituo cha afya, ambako kwa kawaida anayempima ni muuguzi. Ugonjwa ukizidi, hupelekwa hospitali, na hapo ndipo hukutana na daktari. Kwa watu wa kaskazini, hospitali kubwa ya karibu ni ya Chuo Kikuu huko Kamenge, ambayo wengi huijua kwa jina la Roi Khaled. Wengine hushuka mjini hadi Prince Régent Charles.

Madaktari wa kuwahudumia watu hao ni wachache tangu mwanzo. Takwimu za Shirika la Afya Duniani, WHO, zinaiweka Burundi kwenye takriban daktari mmoja kwa kila watu 10,000, au chini ya hapo. Nchi ina watu zaidi ya milioni 12, na madaktari bingwa wengi wako Bujumbura. Kwa hiyo hospitali za jiji hupokea pia wagonjwa wanaotumwa kutoka mikoani.

Katika miaka ya karibuni mzigo umeongezeka. Januari 2023 serikali ilitangaza mlipuko wa kipindupindu, na Bujumbura Kaskazini ilikuwa kati ya maeneo yaliyoguswa. Julai 2024 ulitangazwa ugonjwa wa mpox, na Burundi ikawa kati ya nchi za Afrika zilizoathirika zaidi. Mwaka 2025, baada ya Goma na Bukavu kutekwa, watu zaidi ya 60,000 walivuka kutoka Kongo katika wiki chache za Februari na Machi. Desemba mwaka huohuo vita vilipofika Uvira, makumi ya maelfu wengine walivuka. Kila mara waliopokea mzigo huo walikuwa madaktari na wauguzi walewale.

Mshahara uleule, faranga nyingine

Mwaka 2023 unaonyesha vizuri jinsi mshahara unavyoweza kupungua bila kukatwa. Mwezi Mei mwaka huo Benki ya Jamhuri ya Burundi ilishusha thamani ya faranga. Dola moja, iliyokuwa kama faranga 2,000 kwa bei rasmi, ilipanda kupita 2,800. Mtaani iliendelea kupanda, na baadaye ikapita mara mbili ya bei rasmi. Mafuta ya kupikia, sukari, dawa na vipuri vya gari, kila kinachotoka nje kilipanda nacho. Anayelipwa kwa faranga aliona kiasi kilekile kwenye karatasi ya mshahara, ila hakikununua tena vitu vilevile.

Ukaongezeka uhaba wa mafuta ya gari. Daktari asiyepata petroli anapanga foleni ya basi kama watu wengine, na anafika zamu akiwa ameshachoka. Uhaba wa fedha za kigeni unagusa pia famasi ya hospitali, kwa sababu dawa nyingi huagizwa kutoka nje. Kwa daktari aliyesomea kutibu, kuandika dawa akijua kwamba mgonjwa hataipata kunachosha kwa namna ambayo usingizi hauponyi.

Sehemu nyingine ya mapato hutokana na mfumo ambao hospitali hulipwa kwa kazi iliyofanya. Tangu Mei 2006, watoto wa chini ya miaka 5 na akina mama wanaojifungua hutibiwa bure katika vituo vya umma vya Burundi. Tangu Aprili 2010 huduma hizo zimeunganishwa na mfumo huo. Kituo huhesabu kazi za mwezi, hesabu hukaguliwa, kisha serikali na wafadhili hulipa, na sehemu ya fedha hizo huwa marupurupu ya wafanyakazi. Umekuwa msaada mkubwa. Lakini malipo yakichelewa, pengo huonekana mara mbili: kituo hukosa fedha za vifaa, na mfanyakazi hukosa marupurupu aliyokuwa akiyategemea kulipa kodi ya nyumba.

Uchovu usioondoka kwa kulala

Mwaka 2019 WHO iliingiza katika orodha yake ya kimataifa ya magonjwa hali ya kuishiwa nguvu kwa sababu ya kazi. Haikuiita ugonjwa. Iliieleza kuwa matokeo ya msongo wa kazini uliodumu bila kushughulikiwa. Ina dalili tatu: mtu anajiona ameisha nguvu kabisa, moyo wake unajitenga na kazi na hata kuidharau, na anaona kazi yake haina matokeo tena.

Dalili ya pili ndiyo inayomfikia mgonjwa kwanza. Daktari hainui macho kutoka kwenye karatasi. Anajibu kwa ukali. Hataki kurudia maelezo kwa mtu asiyejua Kirundi wala Kifaransa. Mkimbizi anaona amebaguliwa, na mwenyeji anaona amedharauliwa. Ubaguzi upo, na ukitokea lazima uripotiwe. Lakini si kila jibu baya ni ubaguzi. Mara nyingi ni mtu wa wagonjwa 60 anayezungumza na mgonjwa wa 61.

Uchovu huo pia ni hatari kwa tiba. Aliyekesha usiku kucha husahau kuuliza kama mgonjwa ana mimba, huandika kipimo kisicho sahihi cha dawa, au hupitwa na dalili ya uti wa mgongo kwa mtoto mwenye homa.

Bili inakoishia

Mshahara usiotosha husababisha mambo matatu, na yote matatu humfikia mgonjwa.

La kwanza ni kazi ya pili. Daktari anaondoka hospitali ya umma mapema ili awahi kliniki binafsi, na mgonjwa anaambiwa arudi kesho au amfuate huko jioni. Mwenye pesa humfuata. Asiye nazo hurudi Carama na homa yake.

La pili ni malipo ya pembeni. Wakimbizi kutoka Kongo wanalijua hili vizuri. Kwao kuna wafanyakazi wengi wa afya wasiopata mshahara wa serikali au wanaopata kidogo mno, na hospitali huishi kwa pesa wanazotoa wagonjwa. Wahenga walisema mwenye njaa hana miiko. Methali hiyo haihalalishi rushwa. Inatuonyesha tu rushwa hutokea wapi.

La tatu ni kuondoka. Vyama vya madaktari na vyombo vya habari vya Burundi vimezungumza wazi kuhusu madaktari wanaokwenda nchi nyingine kutafuta mshahara bora. Kila anayeondoka huwaachia waliobaki zamu zake, nao wanachoka zaidi na kufikiria kuondoka pia.

Foleni yenyewe ilikuwapo kabla ya mawimbi haya ya wakimbizi. Septemba 2006 Human Rights Watch na shirika la Burundi la APRODH walichapisha ripoti kuhusu wagonjwa waliozuiliwa hospitalini kwa kushindwa kulipa bili. Ilikuwa miezi michache baada ya matibabu ya bure ya watoto na wazazi kutangazwa, wakati ambapo vituo vilijaa kupita uwezo na wafanyakazi walikuwa walewale. Wakimbizi wameongeza idadi kwenye foleni. Hawakuianzisha.

Majirani walijaribu nini?

Kenya inaonyesha ugumu wa ahadi. Madaktari wa umma waligoma siku 100, kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017. Mkataba wa mishahara uliosainiwa mwaka huo haukutekelezwa wote. Machi 2024 waligoma tena, kwa siku 56. Kati ya madai makubwa yalikuwa malipo ya madaktari walio mafunzoni: mkataba ulisema shilingi 206,000 kwa mwezi, serikali ikataka kulipa 70,000. Suala hilo lilisubiri hadi Desemba 2024 kupata makubaliano. Muda wote huo mgonjwa maskini ndiye aliyefungiwa mlango, kwa sababu mwenye bima nzuri alikwenda hospitali binafsi.

Uganda ilichukua njia nyingine. Katika mwaka wa fedha 2022/23 ilipandisha mshahara wa daktari wa kawaida hadi shilingi milioni 5 kwa mwezi. Lakini Mei 2022, kabla nyongeza haijaanza, matabibu na wataalamu wa maabara waligoma wakisema wameachwa nyuma. Somo kwa Burundi ni kwamba hospitali ni timu. Ukimlipa daktari vizuri na kumsahau muuguzi, foleni itakwama kwenye mlango mwingine.

Serikali za Afrika zenyewe ziliahidi huko Abuja, Aprili 2001, kutenga angalau asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Nchi nyingi bado hazijafika hapo.

Mashirika nayo yana sehemu yao

Ninafanya kazi upande wa mashirika ya misaada, na ni haki kusema kwamba upande huu nao unahusika. Dharura ikitokea, mashirika hutafuta madaktari haraka, hulipa vizuri kuliko serikali, na mara nyingi huwapata palepale kwenye hospitali ya umma. Kambi inapata daktari, wodi ya Kamenge inapoteza mmoja. Mkimbizi wa kambini anafaidika. Mkimbizi wa mjini na jirani yake Mrundi wanasubiri zaidi.

Zipo njia zisizoumiza hivyo. Shirika linaweza kulipa marupurupu kupitia hospitali ya umma yenyewe, kwa kiwango kilichokubaliwa na Wizara ya Afya, ili daktari abaki pale pale na atibu wote. Linaweza kugharamia zamu za ziada wakati wa mlipuko. Linaweza kulipa wakalimani wa Kiswahili kwenye mapokezi, maana daktari mmoja anayeeleweka mara ya kwanza huokoa muda wa wagonjwa watatu. Na kati ya wakimbizi wenyewe wapo wauguzi na madaktari waliosomea Kongo, ambao ujuzi wao umelala. Kuwasaidia kupitisha vyeti vyao na kusajiliwa rasmi ni nafuu kuliko kumleta mtaalamu kutoka mbali.

Misaada ya kimataifa imepungua sana tangu mwanzo wa 2025, kwa hiyo kila faranga inayobaki inafaa iingie mahali ambapo mwenyeji na mkimbizi wote wanatibiwa.

Wewe unaweza kufanya nini?

Mgonjwa hawezi kupandisha mshahara wa daktari, lakini anaweza kujilinda na kulinda foleni.

Anzia kituo cha afya kwa homa, kuhara au kikohozi cha kawaida, na uombe karatasi ya rufaa ukitumwa hospitali. Nenda hospitali moja kwa moja kama mtoto ana degedege, anashindwa kunyonya au kupumua, kama mjamzito anatoka damu, au kama mtu amepoteza fahamu.

Mtoto wa chini ya miaka 5 na mama anayejifungua hutibiwa bure kwenye kituo cha umma. Ukidaiwa pesa kwa huduma hizo, uliza kwa upole ni za nini. Kwa huduma nyingine, lipa kwenye dirisha la malipo tu na udai risiti.

Beba daftari la matibabu, dawa unazotumia na kitambulisho au karatasi ya ukimbizi uliyopewa na ONPRA. Kama hujui Kirundi wala Kifaransa, nenda na mtu anayejua.

Ukitendewa vibaya, andika tarehe, saa na huduma, kisha peleka malalamiko kwa kamati ya afya ya kituo, COSA, ambamo wananchi wanawakilishwa, au kwa kamati yako ya wakimbizi. Mkiwa mwenyeji na mkimbizi mnalalamikia jambo lilelile, pelekeni pamoja. Malalamiko ya pande mbili kuhusu daktari mmoja aliyeachwa na wagonjwa mia moja ni vigumu kuyaita ugomvi wa majirani.