Neno "Awe" na Watoto Wake Wawili

Karani asomaye Kiingereza akikutana na neno "awe" (hutamkwa "oo", wala si "awe" ya Kiswahili) hudhani kwamba ni mshangao tu. Sivyo. Ndani yake mna hofu, nayo hofu ndiyo iliyotangulia.

Asili yake ni "agi", neno la watu wa Skandinavia walioanza kufanya makao Uingereza katika karne ya 9. Maana yake ilikuwa woga. Waingereza walikuwa na neno lao wenyewe, "ege", la ukoo uo huo, lakini la wageni ndilo lililodumu. Kwa kutumiwa sana katika habari za Mungu, woga ule ulichanganyika na heshima. Huko Iceland "agi" lingali hai, na siku hizi maana yake ni nidhamu.

Kiswahili nacho kinazijua tofauti hizi: mtu humwogopa simba, bali humcha Mungu. Basi atafutaye tafsiri ya "awe" na ashike "kicho" au "uchaji", asiridhike na "ajabu", neno litoshalo hata kwa kiinimacho.

Hatari iko kwa watoto wa neno hilo. "Awesome", lenye kutia kicho, vijana wa Marekani wamelitumia tangu miaka ya 1980 kusifu hata viatu. "Awful" nalo lilikuwa na maana iyo hiyo, lakini tangu karne ya 19 limekuwa "baya mno". Mwandishi wa barua akiliokota katika kitabu cha kale ili kuyasifu mahubiri ya askofu, askofu atasoma kwamba mahubiri yake hayakufaa kitu.