Nani Aandike Kitabu cha Sayansi cha Mtoto?

Mwanafunzi apendaye kusoma hakosi hadithi kwa Kiswahili. Tangu miaka ya 1920 vijana wa Afrika Mashariki wamekuwa wakisoma ngano za sungura na fisi, visa vya Abunuwasi, na safari za kutafuta hazina zilizotafsiriwa kutoka lugha za kigeni. Na baadaye waandishi wa nchini wakaongeza riwaya zao wenyewe, nyingi zikiwa nzuri. Lakini mwanafunzi huyo huyo akitaka kitabu cha Kiswahili kitakachomweleza kwa nini redio hukwaruza radi inapopiga, au jinsi mchwa wanavyojenga kichuguu kisichoporomoka wakati wa masika, atapelekwa kwenye kitabu cha darasani. Humo atakuta mada, malengo, maelezo mafupi na maswali ya zoezi. Kitabu hicho kina kazi yake, wala si haki kukilaumu kwa kutofanya kazi ya kitabu kingine. Kasoro ni kwamba kitabu hicho kingine ni adimu mno.

Walimu huviita vitabu vya darasani vya kiada, na vile vingine vya ziada. Neno hili la pili limeleta madhara yasiyokusudiwa. Ziada, kwa maana yake ya kawaida, ni kile kinachobaki baada ya mahitaji kutoshelezwa. Basi shule yenye fedha kidogo hununua kiada, na ziada husubiri mwaka wa neema, ambao ni nadra kufika.

Hasara ya kusubiri huko huonekana mwanafunzi aingiapo kidato cha kwanza. Katika shule za msingi za serikali nchini Tanzania, Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, ilhali katika sekondari lugha hiyo ni Kiingereza. Mwanafunzi aliyekwisha kusoma kwa starehe, kwa lugha aijuayo, habari za mwanga, za damu na za nyota, hufika kidato cha kwanza akiwa na mambo kichwani; kazi iliyobaki ni kuyapatia majina mapya. Asiyewahi kuyasoma hulazimika kujifunza mambo na majina kwa pamoja, na mara nyingi hukariri majina akidhani kwamba ameyapata mambo.

Mfano wa nguvu ya kitabu kisomwacho nje ya darasa umetoka nchi jirani ya Malawi. Mwaka 2002 William Kamkwamba, kijana wa miaka 14 aliyekuwa ameacha sekondari kwa kukosa karo wakati wa njaa, alikuta katika maktaba ndogo ya shule ya msingi ya Wimbe kitabu cha Kimarekani kuhusu nishati, kiitwacho Using Energy. Kiingereza chake kilikuwa haba. Alianza na michoro, kisha akatafuta maana ya maneno yaliyoambatana nayo. Kwa fremu ya baiskeli, dinamo, na mabomba ya plastiki yaliyopashwa moto na kunyooshwa kuwa mapanga, alijenga kinu cha upepo kilichowasha taa nyumbani kwao. Habari hii husimuliwa kuwa ushindi wa kijana mmoja, na ni haki yake. Yapasa itazamwe pia kwa upande wa pili: ni wangapi waliokwisha kufungua kitabu kama hicho, wakashindwa na lugha, wakakirudisha rafuni?

Je, kitabu kinachotakiwa kiwe cha namna gani? Hakuna haja ya kutafuta mfano mbali. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya Magamba, Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Desturi ilikuwa kuchemsha maziwa na sukari, kuyaacha yapoe, kisha kuyatia katika friji. Nafasi humo ilikuwa ikigombewa. Mpemba, kwa kuhofia kuikosa, akayatia maziwa yake yangali moto. Baada ya muda wa saa moja na nusu hivi yalikuwa yameganda, hali ya mwenzake, yaliyotiwa bila kuchemshwa, yalikuwa bado majimaji. Aliuliza sababu, akaambiwa kwamba amechanganyikiwa. Aliendelea kuuliza hata alipofika Mkwawa, Iringa, na huko akamwuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam aliyekuja kuzungumza na wanafunzi. Wenzake walimcheka. Osborne aliporudi Dar es Salaam aliagiza jaribio lifanywe, na mwaka 1969 wote wawili walitoa makala katika jarida la Physics Education. Tangu hapo jambo hilo hutajwa duniani kwa jina la Mpemba.

Kisa hiki chaweza kuandikiwa watoto kwa namna tatu, na mbili kati ya hizo ni mbaya. Namna ya kwanza ni kukifanya ngano: mwalimu ni fisi, mwanafunzi ni sungura, na mwishoni sungura anashinda. Mtoto atafurahi, lakini hatajua lolote kuhusu maji wala barafu. Namna ya pili ni kukifanya fundisho: maji ya moto huganda upesi kuliko ya baridi. Hii ni mbaya zaidi, kwa sababu si kweli kwamba hutokea hivyo daima. Wapo wanaosema kwamba sababu ni maji ya moto kupungua kwa mvuke, wapo wanaotaja hewa iliyoyeyuka ndani ya maji, mizunguko ya maji chomboni, au sakitu iliyo chini ya chombo inayoyeyuka na kukifanya kikae vizuri juu ya ubaridi. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza, Burridge na Linden, walieleza kwamba katika vipimo vyao hawakupata ushahidi wa kutosha kuwa jambo hilo lipo, na kwamba kipimajoto kikitofautiana kimo kwa sentimeta moja tu matokeo yaweza kubadilika.

Namna ya tatu ndiyo inayofaa, nayo ni ngumu kuandika. Mwandishi asimulie kisa kwa ukamilifu, kisha amkabidhi mtoto vikombe viwili vya bati. Amwambie kwamba vikombe hivyo viwe sawa kwa ukubwa, maji yawe sawa kwa ujazo, na vyote viwekwe kwenye friji moja kwa wakati mmoja. Na maji ya moto yamiminwe mbele ya mtu mzima. Kisha amwulize swali ambalo hata wakubwa hulisahau: ‘kuganda’ ni nini? Je, ni pale ngozi ya kwanza ya barafu inapotanda, au ni pale kikombe kizima kinapokuwa kigumu? Mtoto akijibu hivi na mwenzake akijibu vile, watapata matokeo mawili tofauti kutoka jaribio moja, na hapo watakuwa wameonja ugumu ule ule unaowashughulisha wataalamu. Nyumba nyingi hazina friji, ni kweli. Lakini muuza soda wa karibu anayo, na jaribio la kuombewa ruhusa kwa jirani halina ubaya.

Wako watakaopinga kwamba mtoto akiambiwa wataalamu bado wanabishana atapoteza imani na sayansi. Hofu hiyo haina msingi. Mtoto hupoteza imani anapoambiwa jambo kwa uhakika kisha akalijaribu akaona haliko hivyo, na hana mtu wa kumwuliza.

Baada ya maneno huja picha, na hapa makosa ni rahisi zaidi kupita bila kuonekana. Chukua mbu, mdudu ambaye hakuna mtoto wa pwani au wa bonde asiyemjua. Katika vitabu vingi huchorwa mbu mmoja tu, wa jumla, ambaye hayuko popote duniani. Mbu aina ya Anofelesi, aenezaye malaria, akitua ukutani huinua sehemu ya nyuma ya mwili, kana kwamba amesimama kichwachini. Mbu aina ya Kuleksi hulaza mwili sambamba na ukuta. Tofauti hii iko hata utotoni mwao: kiluwiluwi wa Anofelesi hulala bapa chini ya uso wa maji, na wa Kuleksi hujining’iniza kichwa chini, akipumua kwa mrija ulio mkiani. Mtoto mwenye kopo la maji ya dimbwi na mchoro sahihi aweza kuwatambua yeye mwenyewe, bila darubini, na kwenda kuwaambia wazazi wake ni dimbwi lipi la kuanza kulifukia. Mchoro wenye kosa hauwezi kumpa uwezo huo hata ukiwa na rangi za kupendeza namna gani. Kwa hiyo mchoraji apewe mdudu mwenyewe mezani pake, si picha iliyonakiliwa kutoka kitabu kingine, na alipwe kwa muda atakaotumia kumtazama.

Kuhusu istilahi hakuna haja ya kusema mengi. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, na dai kwamba Kiswahili hakina maneno ya sayansi limekwisha kupitwa na wakati. Hatari iliyopo sasa ni kinyume chake, yaani mwandishi kumwaga istilahi katika ukurasa wa kwanza. Mtoto aone kwanza mapovu yakipanda kutoka gugu la majini lililowekwa juani, aone yakipungua gugu likihamishiwa kivulini; neno ‘usanisinuru’ laweza kungoja hadi ukurasa wa tano bila ya kudhurika.

Linabaki swali la nani aandike. Maprofesa hawana nafasi, na waandishi wa hadithi huogopa fizikia. Historia inaonyesha mlango wa tatu. Kitabu cha mazungumzo juu ya kemia kilichotolewa London mwaka 1806 kiliandikwa na Jane Marcet, ambaye hakuwa mkemia. Alikuwa amehudhuria mihadhara ya Humphry Davy, akaona kwamba mambo hayakumwingia mpaka alipoyazungumza kwa utulivu na rafiki. Basi akayaandika katika umbo hilo, mwalimu akiongea na wasichana wawili wenye kuuliza maswali. Miongoni mwa waliokisoma alikuwamo mwanagenzi wa fundi wa kujalidi vitabu, Michael Faraday, ambaye baadaye alivumbua njia ya kuzalisha umeme kwa sumaku, na ambaye maisha yake yote alimtaja Marcet kwa shukrani. Marcet alifaulu kwa sababu alikumbuka vizuri mahali alipokuwa haelewi. Mtu aliye na kumbukumbu hiyo kila siku, nchini Tanzania, ni mwalimu wa sayansi. Yeye hujua ni sentensi ipi huwafanya wanafunzi 60 wakunje nyuso kwa pamoja.

Mwalimu akiisha kuandika, hugonga kwenye hesabu za mchapishaji. Kitabu chenye picha za rangi huhitaji mabamba manne, moja kwa kila wino wa msingi, na gharama za mabamba, mhariri na mchoraji ni zile zile hata idadi ya nakala iwe ndogo au kubwa. Tuseme gharama hizo ni shilingi milioni 6. Zikigawanywa kwa nakala 1,000, kila kitabu kimebeba shilingi 6,000 kabla ya karatasi kununuliwa. Zikigawanywa kwa nakala 5,000, kimebeba shilingi 1,200. Mchapishaji asiyejua kama atauza nakala 1,000 hawezi kuthubutu kuchapa 5,000, na kwa kuchapa chache bei hupanda, na kwa bei kupanda hakuna anunuaye.

Fundo hili limewahi kufunguliwa. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanzishwa mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CODE la Canada, ulikuwa ukimhakikishia mchapishaji ununuzi wa nakala 3,000 kati ya 5,000 za kila kitabu kilichokubaliwa, na kuzigawa katika shule za vijijini. Nakala 2,000 zilizobaki aliziuza mwenyewe. Mpango huo ulizaa vitabu vingi vya hadithi. Hakuna sababu ya kimaumbile ya mpango wa namna hiyo hiyo kutofanya kazi kwa vitabu vya mbu, vya radi na vya barafu. Na kwa kuwa maandishi huchapwa kwa bamba jeusi peke yake, mchapishaji wa Dar es Salaam aweza kushirikiana na wa Kampala au Kigali: mabamba matatu ya rangi yatumike kwa wote, na bamba jeusi tu libadilishwe ili picha zile zile zisemewe kwa Kiganda au Kinyarwanda.

Hatua ya kwanza, hata hivyo, haihitaji mabamba wala wafadhili. Mwalimu aandike kurasa nane juu ya jambo moja tu, kwa mkono ikibidi, na mwanafunzi wa kidato cha pili azichukue azisomee wadogo zake nyumbani, penseli mkononi. Kila watakapomkatiza na kuuliza “maana yake nini?”, atie alama pembeni. Alama hizo ndizo zirudishwe kwa mwalimu, kabla mswada haujapelekwa kwa mhariri yeyote.