Usishuke Marsabit na Deni la Mwelekezi

Je, grupu yenu ya WhatsApp imeshaanza kupiga hesabu ya kwenda kupiga kambi Marsabit? Hongereni. Tangu lami ifike, kaskazini imekuwa karibu. Zamani safari hii ilikuwa ya lori na vumbi, lakini siku hizi hata gari dogo linafika mjini Marsabit. Unapita Archer's Post, Merille na Laisamis kwenye jua kali na ardhi kame, kisha mlima unainuka mbele yako. Juu yake kuna msitu wa kijani, ukungu wa asubuhi, na mashimo makubwa ya volkano ambayo wenyeji huyaita gof. Ndani ya shimo mojawapo kuna Ziwa Paradise, ambako ndovu na nyati huja kunywa maji.

Leo lakini hatuzungumzi kuhusu hema wala sufuria. Tunazungumza kuhusu pesa, na hasa kuhusu maneno ambayo wageni huyaacha msituni wakati wa kuondoka: "Boss, mtandao umekataa. Nitakutumia nikifika Isiolo."

Sisi ni kampuni ya malipo kwa simu, na msimamo wetu ni kwamba maneno hayo hayafai kutamkwa. Safari ya msituni ilipiwe kabla hamjaingia mahali mtandao unapopotea, na haki ya mwenyeji anayewatembeza iwe tayari mfukoni, kwa noti.

Najua utacheka: kampuni ya simu inatuambia tubebe noti? Ndiyo, ndugu mteja. Mjini Marsabit mtandao upo na maajenti wapo. Ukishashuka ndani ya shimo la volkano, miti na kuta za mlima zikiwa kati yako na mnara, usiitegemee simu. Afadhali tukuambie ukweli huo sasa kuliko uugundue mbele ya mtu anayengoja jasho lake.

Nikifika Isiolo ni wapi?

Tunajua yanayofuata. Mkifika Isiolo, mafuta yamekula pesa iliyobaki. Simu ya mweka hazina imeisha chaji. Mmoja amesema alishatoa mchango wake, mwingine anadai hesabu haimfikii yeye. Mkifika Nairobi ni Jumapili usiku, kesho kazi. Jumatano mwelekezi anapiga simu na hakuna anayeshika. Si kwamba nyinyi ni wezi. Ni kwamba deni likishakuwa mbali na macho, hupoa.

Kwake halipoi. Alichukua sukari, mboga na unga dukani kwa mkopo ili mle vizuri. Alimwita jirani amsaidie kubeba maji na kuni. Kila asubuhi wale wawili wanapita mlangoni kwake. Deni lako limekuwa deni lake, na yeye hana grupu ya kulijadili. Mwaka wa ukame, mifugo ikishakwisha, pesa ya mgeni mmoja inaweza kuwa ndiyo karo ya mtoto.

Ukitaka kujua msitu huu unategemea nani, mkumbuke Ahmed, ndovu wa Marsabit aliyesifika kwa pembe zake ndefu ajabu. Mwaka 1970 Rais Jomo Kenyatta alitoa amri ya kumlinda, na askari wakamlinda usiku na mchana hadi alipokufa mwaka 1974. Sanamu yake ingali imesimama Makavazi ya Kitaifa, Nairobi. Amri ilitoka Nairobi, lakini kazi ilifanywa na watu waliotembea msituni kwa miguu. Hadi leo, wageni huiona Marsabit vizuri kwa sababu kuna mtu anayejua njia ya ndovu iko wapi.

"Je, nikimlipa mapema atoroke?"

Swali hilo ni la haki. Hatusemi umtumie mtu usiyemjua pesa zote ukiwa bado Nairobi. Tunapendekeza hivi: nusu mnapokutana mjini Marsabit, ana kwa ana, kabla ya kuingia msituni. Nusu iliyobaki iwe noti ndani ya bahasha, imeandikwa jina lake, na umkabidhi asubuhi ya mwisho kabla ya kufungua hema. Yeye ana uhakika, nawe una uhakika. Ukimtumia ile nusu ya kwanza kwa simu, tuma na ya kutoa. Mlikubaliana bei ya kazi. Hamkukubaliana kwamba yeye ndiye atalipia gharama ya kutoa.

Mambo mengine ya kupanga kabla ya safari

Ada za hifadhi. Kuingia hifadhi za KWS hulipiwa kupitia eCitizen, si kwa noti mkononi mwa askari wa lango. Paybill ya eCitizen ni 222222. Lipa mkiwa bado mjini au nyumbani, kisha piga picha ya risiti ibaki kwenye simu mbili. Usipange kuanza kutafuta mtandao ukiwa umesimama langoni na watu wanane nyuma yako.

Kambi ya kifahari. Si kila mtu anataka kulala chini. Wapo wanaotafuta hema lenye kitanda, taa na bafu la maji moto, na hapo ndipo matapeli hujificha, kwa sababu picha nzuri ni rahisi kuiba. Kabla ya kulipa amana, piga simu na uulize maswali ambayo mwenyeji tu angeyajibu: barabara ya kuja hapo ikoje mvua ikinyesha, maji yanatoka wapi? Omba till au paybill yenye jina la biashara. Kabla pesa haijaondoka, jina la mpokeaji hutokea. Lisome. Kama uliambiwa kambi inaitwa hivi na jina linalotokea ni la mtu usiyemjua, simamisha malipo uulize kwanza. Anayekuharakisha kwa "wengine wanangoja nafasi" mwache awape hao wengine.

Mchango wa grupu. Pesa zote zisikae kwenye simu moja. Simu ikianguka majini, safari imekwisha. Gawanyeni kwa watu wawili, na kila mmoja abaki na PIN yake. Kumpa rafiki PIN ni kumpa pesa, hata kama ni rafiki wa tangu shule. Kila matumizi yaandikwe kwenye grupu siku hiyo hiyo, kabla kumbukumbu hazijaanza kutofautiana.

Akiba ya dharura. Barabara za ndani ya msitu ni za udongo, na mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba huzifanya ziteleze. Gari likikwama mtalala siku moja zaidi. Wekeni kando pesa ya siku hiyo moja, ya chakula na ya mwelekezi pia, kwa sababu naye atakuwa amekwama nanyi. Mbebe pawabenki na noti ndogo ndogo. Kijana aliyewasukumia gari hana chenji ya elfu moja.

Huenda utasema haya ni mambo madogo. Ni madogo kwako uliye na mshahara mwisho wa mwezi. Kwa anayebaki mlimani gari lenu likishuka, ndiyo tofauti kati ya kuwapokea wageni wanaofuata kwa tabasamu na kuwadai pesa yote kabla hata hajawasalimia. Kila grupu inayoondoka na deni inaiharibia ile inayokuja.

Kwa hivyo kabla ya kuwasha gari la kurudi, usiulize tu kama moto umezimwa na takataka zimebebwa. Uliza pia: kuna mtu hapa tunayemdai, au anayetudai? Jibu likiwa hakuna, twendeni.

Safari njema.